Mtalii wa Boito

Tulirudi Kenya watu watatu, na kati yetu Mkenya nilikuwa mimi peke yangu. Mume wangu aliingia kama mtalii. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, naye aliingia kama mtalii. Afisa wa uwanja wa ndege aligonga mihuri ya miezi mitatu kwenye pasipoti zao mbili za Marekani akawatakia mapumziko mema. Mume wangu akamshukuru kwa Kiswahili cha Bomet, Kiswahili cha mtu aliyejifunza lugha hiyo shuleni kwa kiboko, na yule afisa akainua kichwa kumtazama tena.

Ilivyokuwa ni hivi. Mume wangu alikwenda Marekani kwa mbio. Kule Boito, kijijini kwake huko Bomet, ukisema kijana amepelekwa ng'ambo na miguu yake, hakuna anayeuliza zaidi. Mwenyewe anakiri kwamba hakuwa mkimbiaji wa maana; mara nyingi alifika mwisho wakati wenzake wameshaoga. Lakini chuo kilimlipia masomo, akasomea uhandisi wa maji. Alipomaliza ndipo alipogundua kwamba kazi za fani yake, mabwawa na mifereji mikubwa, ni za serikali, na kila tangazo la kazi hizo lilimalizika kwa mstari uleule: raia pekee. Kwa miaka kadhaa akawa anatengeneza pampu za mabwawa ya kuogelea ya matajiri. Alipopata nafasi ya kuwa raia hakufikiri mara mbili. Aliinua mkono akaapa, na wiki chache baadaye alikuwa kwenye bwawa la kweli, amevaa kofia ngumu.

Kasoro ni moja tu. Wakati ule tulikuwa bado na katiba ya zamani, na mtu akiapia nchi nyingine, Kenya ilimfuta. Anasema alipoinua mkono alikuwa anawaza bwawa, hakuwa anawaza Boito.

Mimi aliniopoa Kericho alipokuja likizo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Nilizaliwa na kulelewa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, lakini wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, watu wa kabila jingine. Mama mkwe alipoambiwa hilo alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akauliza kama basi angalau najua kukamua ng'ombe. Sikujua. Harusi ilifanyika, lakini kwa miaka mingi alinitaja kama "yule mtu wa ziwa," bila ubaya, kama mtu anavyotaja mlima ulioko mbali.

Huko Marekani mimi nilikuwa mgeni mkaazi, yeye raia. Cheti changu cha ualimu hakikutambuliwa, na kusoma upya kulitaka ada ambayo hatukuwa nayo, kwa hiyo nilifanya kazi ya kuwatunza wazee. Kila fomu iliyokuja nyumbani ilikuwa na kisanduku cha kuuliza uraia, na mume wangu alikitia alama kwa madaha. Tukigombania rimoti ya televisheni alisema, "Raia anaomba rimoti." Nilimpa, nikisubiri siku yangu.

Siku yangu ilifika baba mkwe alipofariki. Mama mkwe alibaki peke yake na ekari mbili za chai na ng'ombe mmoja mkorofi, na kazini kwa mume wangu kitengo chake kilikuwa kimefungwa. Tukauza vitu, tukarudi.

Wiki ya pili tu baada ya kufika, bodi ya shule ya msingi iliyo karibu ilinichukua kufundisha. Nilionyesha vyeti na kitambulisho, mwalimu mkuu akavitoa nakala, yakaisha. Mume wangu naye aliona tangazo la chuo cha ufundi kilicho ng'ambo ya kilima: walitaka mkufunzi wa mitambo ya maji. Hakukuwa na mtu katika kaunti ndogo nzima ya Konoin aliyejua maji kuliko yeye. Akapeleka vyeti vyake vya Marekani kwenye bahasha nzuri ya kaki. Karani wa chuo alivipitia kwa heshima, kisha akaomba nakala ya kitambulisho. Mume wangu akatoa pasipoti. Karani akamrudishia bahasha, akamwambia kwamba mgeni anahitaji kibali cha kazi kutoka Nairobi, na kibali kinatolewa pale ambapo hakuna Mkenya anayeiweza kazi hiyo.

"Lakini mimi ni wa hapa," mume wangu alisema.

"Naona," karani akajibu. "Karatasi ndiyo haioni."

Binti yetu naye alikwama. Mwalimu mkuu, mama mpole aliyekuwa sasa bosi wangu, alimkaribisha darasani siku hiyohiyo, lakini kompyuta ilikataa kumpa namba ya mwanafunzi. Ilitaka namba ya cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Bila namba hiyo angesoma, angecheza, angekula maharagwe ya shule, ila asingesajiliwa kwa mtihani wa gredi ya sita. Kisheria alikuwa Mkenya tangu kuzaliwa, kwa sababu mimi mama yake ni Mkenya. Tatizo ni kwamba hatukuwahi kumwandikisha kwenye ubalozi. Kila mwaka baba yake alisema tutafanya mwakani.

Kwa hiyo nyumba yetu ikawa na mwenye kazi mmoja na watalii wawili. Jioni moja tuligombania rimoti, na mimi nikasema polepole, "Raia anaomba rimoti." Alinipa.

Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, mama yake alimpa kikapu. Asubuhi waliingia pamoja kwenye chai, na kutoka barazani nilimsikia mama akimfokea mhandisi wa mabwawa kwamba anachuma majani manne badala ya mawili na kichipukizi. Kikapu chake cha kwanza kilikataliwa kwenye kituo cha kupimia chai. Karani wa kupima alikimwaga kwenye turubai, akachambua, akasema chai hiyo haiwezi kwenda kiwandani, labda apewe ng'ombe. Mama mkwe aliaibika hadi kanisani. Lakini mume wangu ni mtu wa kujifunza. Mwezi wa pili ukiisha, vikapu vyake vilipita, na vidole vyake vilikuwa vimeingia weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni.

Habari zilimfikia chifu. Chifu huyu walisoma darasa moja na mume wangu, wakakaa dawati moja. Alikuja nyumbani na kofia yake ya kazi, akanywa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, akasema kwa uso mkavu kwamba amepata ripoti ya mgeni anayefanya kazi nchini bila kibali, na kwamba mwajiri wake anaweza kushtakiwa.

Mama mkwe aliweka kibuyu chini. "Mimi simlipi," alisema. "Namlisha tu. Kama kulisha mtoto ni makosa, nifunge."

Chifu akacheka hadi akakohoa. Halafu akatueleza alichokuja kusema hasa: siku hizi, chini ya katiba mpya, aliyekuwa Mkenya wa kuzaliwa anaweza kuurudisha uraia wake na wa Marekani asiupoteze. Ila lazima athibitishe kwamba alikuwa Mkenya. Kitambulisho chake cha zamani kilipotea kwenye kuhamahama kwa vyumba vya kupanga, na cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho, kwa maana alizaliwa nyumbani, mvua ikinyesha, mkunga akiwa jirani. Mambo yangeanzia hapo: cheti cha kuchelewa, barua ya chifu, kadi ya ubatizo, na watu wazima wawili wa kumshuhudia.

Shahidi wa kwanza alikuwa mama yake, hilo halikuwa na ubishi. Wa pili alitakiwa awe ndugu wa karibu mwenye kitambulisho. Baba amekufa. Dada zake wameolewa mbali, mmoja yuko Nakuru na mwingine hashiki simu. Tulipofika ofisi ya chifu Jumatatu, tumekaa kwenye benchi na faili zetu, ikadhihirika kwamba aliyebaki ni mimi.

Karani wa chifu, kijana mwenye tai, aliangalia kitambulisho changu. Aliona mahali wazazi wangu walipoandikishwa, akaniangalia, akamwangalia mume wangu, akamwangalia mama mkwe. Akauliza, kwa adabu, kama ni sawa mtu wa upande wa ziwa amshuhudie Mkipsigis wa Boito kwamba yeye ni wa Boito.

Nilitazama miguu yangu. Nilizaliwa Kericho, nimefundisha Kericho, na bado kila uchaguzi ukikaribia baba yangu alikuwa akituandalia mfuko mmoja mmoja wa nguo karibu na mlango, tukifukuzwa tukimbie nao. Swali lile la nani ni wa hapa nililijua tangu utoto, ila safari hii lilikuja kwa mlango wa nyuma.

Mama mkwe alijibu kabla sijainua kichwa. Alimwambia karani kwamba ana mtoto mmoja wa kiume na hao wazungu wamemchukua wakamfanya mgeni, na binti zake wamemwacha na ng'ombe. "Katika boma langu mwenye kipande cha kitambulisho ni mimi na huyu," alisema, akinishika kifundo cha mkono. "Huyu ndiye wa hapa. Yule ndiye tunayemtafutia karatasi. Andika."

Karani akaandika. Mume wangu, ambaye kwa kawaida ana maneno, alijifanya anasoma kalenda ukutani.

Kadi ya ubatizo ndiyo iliyotuchelewesha. Ilionyesha jina ambalo sikuwahi kulisikia. Kumbe alibatizwa kwa jina la mhubiri mmoja wa zamani, na alipoanza shule wavulana watatu darasani walikuwa na jina hilohilo, mwalimu akachoka akambadilishia. Mama yake, ambaye nyumbani alimwita jina la kienyeji tu, hakuona sababu ya kumkumbusha. Mume wangu, akiwa na nywele za mvi masikioni, alijua jina lake la ubatizo akiwa ofisi ya chifu, na chifu, aliyekuwa mmoja wa wale wavulana watatu, alikuwa akilikumbuka wakati wote. Ikabidi aape kwa wakili kwamba watu wale wawili, wa jina la ubatizo na wa jina la shule, ni mtu mmoja.

Wakati huo miezi mitatu ilikuwa inaisha, kwa hiyo alikwenda Kisumu kuomba kuongezewa. Fomu iliuliza sababu ya ziara. Akaandika: kumwona mama. Ikauliza anakusudia kukaa muda gani. Akaandika: mpaka nizikwe. Afisa wa uhamiaji, mwanamke mtu mzima, alisoma, akamrudishia fomu mpya. Alimshauri aandike miezi mitatu, kwa sababu mfumo haukubali mambo ya Mungu.

Binti yetu alitangulia. Kwa kitambulisho changu na cheti chake cha kuzaliwa cha Marekani, maafisa wa usajili wakakiri kwamba siku zote alikuwa wetu, na mwalimu mkuu akaja mwenyewe darasani kwangu kuniambia kompyuta imekubali. Jioni binti alimwambia nyanya yake, kogo, kwamba sasa ana nchi mbili. Kogo akamuuliza kama mojawapo inafundisha kukamua, kwa sababu mama yake alikuja bila.

Ombi la uraia la mume wangu lilichukua karibu mwaka. Nafasi ile ya chuo ilijazwa na kijana aliyefundisha maji kwa kusoma kitabu. Hatimaye cheti cha kurudishiwa uraia kilitoka, na hatua ya mwisho ikawa kitambulisho. Tulikwenda wote Bomet. Wakamkalisha mbele ya mashine ya alama za vidole. Akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha pili, ikakataa. Wakampangusa kwa spiriti, kwa kitambaa, kwa limau ambalo sijui lilitoka wapi. Ikakataa vyote kumi.

Msichana wa mashine alishika mkono wake akaugeuza. "Mzee, unachuma chai?"

"Nachuma."

"Basi ndiyo maana. Wachumaji wote hawasomeki." Akamwagiza akapumzishe mikono wiki mbili, apake mafuta, asiguse majani, kisha arudi.

Njiani kurudi mama mkwe alikuwa na furaha nisiyoielewa mwanzoni. Alimsimulia dereva, kisha jirani, kisha wanawake wote wa kituo cha chai, kwamba mashine ya serikali ilikataa mikono ya mwanawe kwa sababu ya kazi. Watoto wa wengine walirudi kutoka ng'ambo na miwani. Wake alikuwa na vidole visivyosomeka.

Wiki hizo mbili alikaa barazani amevaa glavu za sufi, amepakwa mafuta ya maziwa, huku mimi na mama yake tukichuma. Ndipo nilipojua kwamba na mimi huwa nachukua majani manne. Mama alikagua kikapu changu, akatoa ya ziada moja moja bila kunifokea, akaniambia kwamba yeye pia alipoolewa hapa, kutoka upande wa Merigi, kikapu chake kilirudishwa wiki nzima, na mama mkwe wake hakumsemesha.

Tuliporudi Bomet mashine ilimsoma, na kitambulisho kikatoka. Muhula wa pili kijana wa kitabu aliondoka kwenda Qatar, ambako walimhitaji zaidi. Mume wangu akapeleka bahasha ileile ya kaki, imeanza kuchakaa pembeni, na karani yuleyule akaomba kitambulisho, akakipokea, akakisoma mbele na nyuma kana kwamba ni barua kutoka kwa rafiki. Siku ya kwanza kazini mume wangu alitoka na viatu vyeusi, na wanafunzi wakaambiwa atawafundisha pampu. Alikuta pampu moja, mbovu. Aliirekebisha kabla ya chai ya saa nne, na mchana walimpa kengele ya chuo aitengeneze, nayo pia ilikuwa haifanyi kazi.