Siku Niliyopanda Ngazi ya Watafiti

Aibu yangu iko kwenye simu za watu kutoka Kathonzweni mpaka Kambu, kwa hivyo sioni haja ya kuificha, afadhali niisimulie mwenyewe kuliko mniangalie sokoni mkiziba midomo na kudhani sioni. Ndiyo, yule mzee anayening'inia kwenye paa la shule, suruali imepasuka nyuma, ni mimi. Na ile nguo ya ndani ni ya bluu, si ya kijani vile watu wanabishana.

Nijieleze kidogo, ndio mjue upuuzi huo ulitoka wapi. Shule niliacha darasa la pili. Nilichunga ng'ombe za watu, nikaswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Tseikuru mpaka nikawa naziota usingizini, nikachoma matofali, na leo nina duka la mabati na simiti, nina pikapu, na nyumba yangu ni ya mawe. Hakuna mtu alinishika mkono. (Hayo nilikuwa nikiyasema kila mahali, hata kwa mazishi ya watu.)

Basi wakaja vijana wa chuo kikuu, wameshushwa na pikipiki, wanafanya utafiti wa maisha ya watu wa hapa. Mkubwa wao alikuwa msichana anaitwa Ndanu, mtu wa Kitui, mpole, anajua kusalimia wazee, nikampenda. Naibu wa chifu akatuitisha baraza kwenye uwanja wa shule ya msingi, na Ndanu akatueleza kwamba wanataka kujua nani ana nini na nani hana, watoto wanasoma vipi, mtu akiugua anatibiwa wapi. Hiyo ya kuugua nilimjibu mbele ya watu, nikamwambia mimi nina gari, aulize wengine. Akasema pia, tena akarudia, kwamba hawana kitu cha kugawa. Hakuna mtu alimwamini. Huku kwetu mgeni akija na kalamu akaanza kuuliza una mbuzi wangapi, tunajua nyuma yake kuna matangi ya maji ama unga, na tunajua la kufanya: mbuzi wanahamia kwa shemeji, redio inaingia chini ya kitanda.

Ndanu alikuwa amechora ngazi kwenye karatasi kubwa, lakini upepo ukaipasua, na mwalimu mkuu akasema ngazi ya kweli iko pale imeegemea darasa, fundi alikuwa akitengeneza mfereji unaopeleka maji ya paa kwenye tangi. Ndanu akafurahi sana.

"Tuseme hii ngazi ndiyo maisha ya hapa," akasema. "Wenye kila kitu wako juu kabisa, wasio na kitu wako chini. Kila mtu aje aguse pale anapoona yuko."

Watu wakaanza kugusa. Wa kwanza akagusa kipandio cha chini, wa pili chini, wa tatu chini. Musyoka, ambaye ana mashine ya kusaga na nyumba za kukodisha, aliinama mpaka nikadhani anafunga kamba ya kiatu. Halafu akaja Mama Mumbua, yule mjane anayeuzia watu maji kwa mkokoteni wa punda, naye akagusa chini, na hapo nikashindwa kunyamaza.

"Mama Mumbua, hata wewe? Na punda unaye?"

"Punda amekula asubuhi, Baba Kioko. Mimi bado."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeudhika na kijiji kizima, yaani mtu anatoka chini kwa jasho lake halafu anatarajiwa kurudi kuinama pale pamoja na Musyoka.

"Umau," Ndanu akaniita (ndivyo tunavyomwita babu kwa Kikamba), "na wewe uko wapi?"

Hapa ningegusa kipandio chochote nikarudi kuketi, na leo mngekuwa mnaongea mambo mengine. Lakini nilisema, "Mimi sigusi, mimi naonyesha," nikavua kofia, nikaanza kupanda.

"Umau, kugusa tu kunatosha."

"Wewe andika," nikamwambia.

Kila kipandio nilikuwa na hotuba. Hapa nilikuwa mchungaji, hapa nikachoma matofali, hapa nikafungua duka, na watu wakaanza kupiga makofi, na makofi ni kitu kibaya sana kwa mzee. Nilipofika juu ningeshuka, lakini nilitaka kugeuka niwaone vizuri, nikaweka mguu mmoja juu ya bati. Ngazi ikateleza, ikaenda chini. Nikashika ule mfereji, mfereji ukang'oka upande mmoja, suruali ikanaswa na msumari, na hapo ndipo zile simu zote zilitolewa. (Bati niliwauzia mimi, lile jembamba, kwa sababu ndilo walilotaka. Misumari haikutoka kwangu, hilo naomba lieleweke.) Halafu kitambaa kikakubali kuchanika na mimi nikaanguka, na ukingo wa bati ukanipitia mguuni kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo.

Kicheko kilikatika watu walipoona damu. Mke wangu akasema neno moja tu, "Sukari."

Kila mtu alielewa. Mimi nina ugonjwa wa sukari, na mzee mwenzangu wa kanisa aliye nayo alichomwa na mwiba tu, akaupuuza, leo anatembea kwa mguu mmoja. Jeraha langu lilikuwa wazi, limejaa mchanga na kutu. Kijana mmoja akakimbia dispensari yetu akarudi akisema imefungwa, nesi yuko peke yake na ameenda kuchukua chanjo. Pikapu yangu ilikuwa Kambu, Kioko mwanangu ameipeleka na magunia ya ndengu. Wakajaribu kunikalisha kwenye pikipiki, mguu ukakataa kukunjika, nikazimia kidogo. (Mke wangu anasema si kidogo.)

Nilipofungua macho, Mama Mumbua alikuwa amepiga magoti kando yangu na mtungi wake wa plastiki, ananimwagia maji kwenye jeraha. Haya ni maji aliyoyafuata kwenye mchanga wa mto kabla jua halijatoka, ndiyo riziki yake ya siku. Mtungi ukaisha, akafungua mwingine.

"Hayo ni ya kuuza," nikamwambia.

"Nyamaza, Baba Kioko. Leta mguu hapa."

Akaosha mpaka mchanga ukatoka wote, akafunga jeraha kwa leso yake, kisha akaishusha mitungi iliyobaki kutoka kwenye mkokoteni akaniambia nipande. Mara ya pili siku hiyo kupanda, lakini safari hii nilibebwa kama gunia. Ndanu akakaa nami ameuinua mguu wangu kwa mikono yake miwili, Musyoka akasukuma kwa nyuma kwenye mlima, na mke wangu alitembea kando akiomba Mungu na kunitukana kwa zamu. Simu ikalia. Kioko.

"Baba, unafanya nini juu ya darasa?"

"Nani amekuambia?"

"Baba, Kambu yote inajua."

Ndanu alikuwa analia, anafikiri kosa ni lake. Nikamwambia, "Usilie, swali lilikuwa zuri. Aliyejibu ndiye mbaya." Akacheka na machozi yake hivyo hivyo.

Kwenye kituo cha afya kule sokoni, akina mama waliokuwa wamekaa na watoto tangu asubuhi waliona ile leso imekuwa nyekundu, wakasogea wakanipa benchi bila mtu kuwaambia. Daktari, kijana mdogo, alinidunga sindano, akanishona, kisha akauliza ni nani aliosha jeraha. Nikamwonyesha Mama Mumbua, amesimama mlangoni na kamba ya punda mkononi.

"Mzee, na hii sukari yako," akasema, "uchafu ule ungekaa ndani mpaka jioni, tungekuwa tunaongea habari ya kukata."

Mguu nikabaki nao. Umepona polepole, lakini ni wangu na ninautembelea. Ndanu alipiga simu baadaye kuniuliza kama jibu langu la ngazi aliweke ama alitoe. Nikamwambia alitoe, na pale alipoandika kwamba mimi nina gari apafute, aandike kwamba huku kuna nesi mmoja, akitoka hakuna. Hilo alisema ataliweka. Nami ngazi sipandi tena. Dukani, mteja akitaka kitu cha rafu ya juu, namwambia apande mwenyewe.

Siku ya kwanza niliyoweza kutembea bila fimbo nilienda kwa Mama Mumbua. Miaka yote amepita kwangu na maji, mimi kwake sijawahi kufika. Nilimkuta chini ya kivuli cha ghala anapukuchua kunde, na maneno yote niliyoyapanga njiani yakapotea, likabaki moja la kwetu la kushukuru.

"Muvea," nikasema.

"Kumbe hilo neno ulikuwa nalo, Baba Kioko?"

"Nilikuwa nalo. Sikuwa nimelitumia."

Akasogea kwenye mkeka, akaniwekea kunde mbele yangu, na mimi nikaketi nikaanza kupukuchua.