Jina la Kwenye Jiwe la Kurui

Ukitaka usiamini, shauri yako, ila mimi nilikuwepo, na macho yangu wakati huo yalikuwa mazima, si haya ya sasa yenye ukungu.

Kwetu ni Kurui, huku Kisarawe. Walikuja wasomi kuchimba kwenye makaburi ya kale porini, sisi tukawafyekea njia. Wakatoa jiwe lenye maandishi ya Kiarabu. Binti mmoja kati yao akalipiga brashi, akasoma: Harithi. Akatuambia jina hilo lilikuwepo hata kabla ya Uislamu, kwamba wafalme wa jangwani waliitwa hivyo, limekutwa kwenye sarafu zao na kwenye miamba. Mimi niliishia darasa la tatu, tena kwa viboko, lakini jina lile likaning'ang'ania.

Basi. Binti yangu Mwajuma kaolewa Mbwawa, kule Kibaha. Akajifungua mtoto wa kiume, mtoto akakataa ziwa. Analia tu. Hospitali wakampima wee, hawakuona kitu. Anakwisha huku tunamtazama. Nikaitwa mimi babu nikamtajie majina. Kwetu mtoto akilia hivyo kuna marehemu anataka jina lake, unawataja wa ukoo mmoja mmoja, atakayemnyamazisha ndiye.

Jirani yao, Mama Neema, Mchaga mwenye ng'ombe wawili na mdomo wa watu kumi, akasimama mlangoni.

"Babu, si umtajie na kocha wa timu ya Taifa? Huenda akanyamaza!"

Nikataja wa kwa baba, nikataja wa kwa mama. Nikamaliza. Kilio kile kile, sasa kimekuwa chembamba.

"Baba, tafuta mwingine," Mwajuma akasema. "Mwanangu anakufa."

Wewe ungefanyaje? Nikasema, Harithi.

Kimya. Mtoto akashika ziwa, akanyonya. Mwajuma hajamaliza hata kufuta machozi, sauti ikaitika uani: "Labeka."

Ilikuwa adhuhuri, jua la kuchoma utosi. Nikatoka. Kasimama mwanamume wa makamo, kanzu yake imeshika udongo mwekundu.

"Umeniita, mwanangu," akaniambia, mimi na mvi zangu zote. "Mimi hapa ni wa nani?"

Ukoo wake siujui! Nyuma yake, kwenye mihogo, mwingine akaitika, "Labeka," kilemba kimemfunika hadi puani. Nyuma ya huyo mwingine, kafunga utepe kichwani kama wale wafalme wa kwenye sarafu. Na mwingine. Shamba zima likajaa watu, labeka, labeka, mpaka kule mbali ambako sauti haisikiki ila midomo inacheza. Niamini, nyuso zao hazikuwa mbaya. Kilichonitisha ni mikono: kila mmoja kainyoosha kuelekea mlangoni, kama mtu anayepokea mjukuu wake.

Nikageuka. Mtoto kaacha ziwa. Kafumbua kinywa, kama naye anataka kuitika.

Nikampokonya Mwajuma, nikatokea mlango wa upande wa pili, nikamlaza jalalani, juu ya maganda ya mihogo. Hiyo nayo ni mila yetu, mtoto anatupwa, anaokotwa na mtu asiye wa damu, wafu wakose la kumdai.

"Mama Neema! Okota! Sema hana mwenyewe!"

Hakutania tena. Rozari shingoni, akamnyanyua, akapaza sauti: "Jamani, nimeokota kitoto! Hakina ukoo, hakina jina! Ni changu mimi!"

Uani pakawa peupe, hamna mtu. Mihogo yote imelala chini.

Yuko darasa la kwanza sasa. Nyumbani tunamwita Jalala, shuleni Yusufu, na haitiki kwa lolote. Masikio yamepimwa, mazima. Ukimtaka, mfuate umguse bega. Lakini mara nyingine tumekaa kimya wote, yeye anageuza shingo kuelekea Kisarawe, anafumbua kinywa, na Mama Neema anamziba kwa kiganja kabla hajaitika.

Wewe unayetafuta jina la mwanao, mpe la mtu ambaye bado yupo wa kukusimulia alikuwa nani. La kwenye jiwe liache huko huko. Sisi tumeshalitaja, na Mama Neema, ambaye neno lake ndilo linalomshikilia, anazeeka, na mtoto huyu hatujathubutu kumwacha peke yake hata kwenda chooni.