Pole na Barabara, Umekula?

Mke wangu anafanya kazi katika hoteli moja ya Tunduma, si mbali na mahali malori yanapoanza kupanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Mimi ni mtumishi wa halmashauri na kituo changu ni Chitete. Jumatatu alfajiri naondoka, Ijumaa jioni narudi nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Kwa hiyo katika juma moja wageni wa hoteli humwona mke wangu zaidi ya ninavyomwona mimi. Naliandika hili mapema ili nisije nikaonekana nimelificha: mimi ni mtu mwenye wivu, na sijapona.

Kabla ya korona kazi yake kubwa pale ilikuwa kunawisha. Mgeni akishaketi mezani, mke wangu alimwendea na jagi la maji ya vuguvugu mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, na taulo dogo begani. Alikunja magoti kidogo, kama walivyolelewa mabinti wa milima ya Ileje, akamimina maji taratibu mpaka mgeni mwenyewe aseme basi. Kuna wageni hawakuwa na haraka ya kusema basi. Siku moja nilikaa pale na soda yangu nikamtazama dereva wa Kizambia akisugua kidole kimoja kimoja, kama fundi anayesafisha vipuri vya injini. Alipomaliza alisema, "Natotela, bamayo," yaani asante, mama. Mke wangu akamjibu kwa Kibemba, wakacheka wote wawili. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa na nilikuwa sijui kwamba anajua Kibemba cha kuchekesha mtu.

Kisha ugonjwa ukaja, na mlangoni pa hoteli pakawekwa ndoo yenye koki. Kila anayeingia alinawa mwenyewe. Jagi na beseni vilipelekwa stoo. Wengi waliichukia ile ndoo. Wazee walisema ni kumfukuza mgeni kabla hajaingia. Mimi niliisifu. Nilimweleza mke wangu kwa urefu kwamba ni hatua nzuri ya kiafya na ingepaswa kuchukuliwa zamani. Barakoa ilipokuja ikamfunika nusu ya uso, niliisifu hiyo pia. Miezi ile tulizika watu, na mimi nilikuwa nikirudi kutoka makaburini na furaha yangu ndogo ya siri, niliyoionea aibu na bado naionea.

Furaha yenyewe haikudumu. Foleni ya malori ilirefuka, madereva wakakaa barabarani siku nyingi wakisubiri vipimo, na hawakuruhusiwa kuingia ukumbini. Lakini walipaswa kula. Mama mwenye hoteli akanunua simu ndogo, namba yake ikaandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi getini. Dereva alipiga simu, mke wangu akapokea, chakula kikafungwa na kupelekwa hadi lilipo lori.

Ugonjwa ulipopungua, barakoa ziliondoka. Ndoo iliondoka, pakajengwa sinki lenye kioo. Pale mapokezi imebaki chupa moja ya kitakasa mikono, imefungwa kwa kamba isiibiwe, na ndani yake siku hizi mna maji ya sabuni. Jagi halikurudi tena. Simu ndiyo iliyobaki. Imekuwa simu kubwa ya kupangusa, na huduma yote imehamia humo. Mgeni anaomba chumba akiwa bado njiani. Anaomba taulo akiwa kitandani. Orodha ya vyakula hakuna, anatumiwa picha. Hata chumba chake hakiingiwi kufagiliwa mpaka atume ujumbe. Mtu anaweza kulala siku mbili pale akaondoka bila kujua sauti ya mhudumu ikoje.

Ndipo mama mwenye hoteli akataka msimamizi wa huduma kwa wageni, na akamtaka mke wangu. Ni cheo. Mwenye cheo hicho hapigi deki wala habebi sahani, ana kameza kake ofisini, ila simu ya hoteli inakuwa yake na anakwenda nayo nyumbani. Mke wangu hakumjibu papo hapo. Alinisubiri Ijumaa akaniambia, "Simu ikija nyumbani, imekuja kwetu wote wawili. Sitaki kuichukua halafu tuishi kama paka na panya. Wewe sema." Nilisema natafakari. Ijumaa iliyofuata nilisema bado natafakari. Akaniarifu kwamba mama ametoa mpaka mwisho wa juma linalokuja, la sivyo nafasi atapewa mwenzake wa mapokezi.

Juma hilo ndilo tulilopangiwa semina ya siku mbili Tunduma, Jumatano na Alhamisi, na hoteli iliyochaguliwa ilikuwa hiyo hiyo. Kwenye orodha nilikuwa mtumishi kutoka Chitete, na mtumishi kutoka Chitete hulipiwa chumba. Kutoka pale hadi nyumbani kwangu ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Ningeweza kukikataa chumba nikalala nyumbani. Nilikichukua. Nilijiambia ni kwa ajili ya kujisomea vizuri makabrasha ya semina.

Mke wangu alikuwa mapokezi tulipofika. Alitusalimia wote kwa mpangilio, akafika kwangu, akasema, "Karibu, mgeni wetu. Chumba namba kumi na moja," kwa sauti ile ile aliyompa aliyenitangulia. Mwenzangu wa ofisini, mtu wa Nanyala asiyeacha jambo lipite, akaegemea kaunta. "Shemeji, huyu wa kumi na moja mwangalie. Mgeni anayeacha nyumba yake akaja kulala hoteli, ama amefukuzwa ama ni mpelelezi." Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka, kisha akamkabidhi aliye nyuma yangu funguo zake.

Siku hiyo mwezeshaji wetu, aliyeshuka uwanja wa ndege wa Songwe asubuhi, alituchangamsha kwa kulalamika. Alisema tangu korona huduma imepoa kila mahali. Ndegeni unarushiwa kijipakiti na chupa ya maji, mhudumu ameshapita kabla hujasema asante. Hotelini unaongea na ukuta. Wenzangu wote waliitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia. Hoteli hii niliyokaa haikuwa imepoa hata kidogo. Saa ya chakula cha mchana nilisimama kwenye sinki nikinawa mwenyewe, na katika kioo nikamwona mke wangu nyuma yangu, kwenye kaunta, akiandika kwenye simu kwa vidole gumba viwili. Aliandika, akasoma, akatabasamu, akaandika tena. Nilihesabu watu watatu aliowajibu nikiwa bado na povu mikononi.

Nina laini mbili. Ya pili ni ya shughuli za ofisi, na mke wangu hana namba yake. Nilikwenda meza ya kona, nikamtunga dereva. Nilimtoa Dar es Salaam, nikampa lori la saruji, nikamfikisha Nanyala. Niliandika hivi: "Habari za mchana. Mimi ni dereva, nipo Nanyala naelekea Tunduma. Naomba kujua: 1. Kama chumba kipo. 2. Kama maji ya moto yapo. 3. Kama chakula kinapatikana." Nikatuma.

Jibu la kwanza lilikuja kabla sijaiweka simu mezani. Lilikuwa limeandaliwa, linajituma lenyewe kwa kila mgeni mpya: "Karibu sana ndugu yetu. Pole na barabara. Umekula?"

Nililisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Maneno hayo nayajua. Ijumaa ya kwanza niliyorudi kutoka Chitete, barabara imenivunja mgongo, nilikuta mke wangu amesimama mlangoni, na kabla hajauliza habari za kazi alisema, pole na barabara, umekula? Tangu hapo amenipokea hivyo kila Ijumaa. Kuna Ijumaa nimeisubiri sentensi hiyo tangu Jumatano. Sasa ilikuwa inatumwa na mashine kwa kila mwenye lori, awe amepita njia mbaya au ametelezea lami mwanzo mwisho.

Nikainua macho. Mke wangu alikuwa ameishika simu, anasoma ujumbe wa dereva wangu. Akatabasamu. Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilijua fika kwamba mtu yule hayupo, nimemzaa mimi dakika tano zilizopita, hana sura wala leseni. Na nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote mwenye mwili. Nilimwona amekaa kwenye kiti chake, mkono mmoja kwenye usukani, anasubiri jibu la mke wangu.

Jibu likaja: "1. Kipo. 2. Yapo. 3. Kinapatikana."

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi niliandika, "Na wewe dada, ndiye utakayenipokea?"

Alisoma. Safari hii alicheka kabisa, akaweka mkono mdomoni, akageukia dirishani ili watu wasimwone. Kisha akaandika, na mimi nikaangalia vidole vyake vikienda. Ujumbe ulisema: "Dereva gani wa lori anaandika naomba kujua, nukta mbili, moja mbili tatu? Kula, wali unapoa."

Nilikula. Mwenzangu wa Nanyala aliuliza mbona jasho linanitoka na pilipili sijaweka. Nikamwambia ni joto la ukumbi.

Mapumziko ya chai nilimfuata kwenye stoo ya mashuka. Alikuwa anakunja, simu imo mfukoni mwa aproni.

"Umeridhika na huduma, ndugu dereva?" aliuliza bila kugeuka.

Nikamwambia sikuja kwa mzaha. Nikamwambia kuna maneno ya nyumbani na kuna maneno ya kazini, na kwamba yale aliyoyaweka kwenye simu ni ya nyumbani. Ni yangu, nikasema.

"Yako tangu lini?"

Nikamtajia ile Ijumaa ya kwanza. Aliliweka shuka chini. Akanieleza jambo ambalo katika miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Nyumba yao kule Ikinga ilikuwa kando ya njia ya miguu, watu wakipanda kilima na magunia kichwani, na mama yake hakumwacha mpita njia hata mmoja bila kumwambia maneno hayo. Aliyekwenda sokoni aliambiwa. Aliyekwenda msibani aliambiwa. Aliyewahi kugombana naye shambani aliambiwa hivyo hivyo. Wengine walijibu hawajala, wakala.

"Wewe nilikuambia siku ile kwa sababu ulikuwa umetoka njiani," alisema. "Ungekuwa umetoka chooni nisingekuambia."

Nikashika upande mwingine. Nikamwambia alitabasamu kabla hajajua kwamba ni mimi. Nilikuwa nimemtazama vizuri. Tabasamu lilikuja mapema mno.

Alinigeukia. "Nilitabasamu kwa sababu ni kazi. Halafu nikacheka kwa sababu ni wewe. Hivyo ni vitu viwili, na kama huvioni tofauti, sema sasa nikamjibu mama kwamba nafasi siitaki. Nitarudi kubeba sahani. Lakini usiniambie tena kwamba unatafakari."

Simu ikalia mfukoni mwake. Hakuigusa. Ililia mpaka ikanyamaza, naye bado ananitazama. Kengele ya kipindi ikagongwa nikaondoka bila kujibu, kama mwoga niliye.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, mama mwenye hoteli alikuja mwenyewe mezani kwetu. Ni mtu mzima, anatembea polepole, na kila mtu humpisha. Akanisalimia, akauliza kama chumba kilinifaa, kisha akasema mbele ya wote, "Baba, mwanangu huyu ananiambia jibu liko kwako. Mimi kesho nafunga jambo hili. Achukue au asichukue?"

Mwenzangu akaingilia. "Mama, huyu hata fomu yake ya likizo anaitafakari wiki mbili."

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Hakunisihi kwa macho wala hakunikunjia uso. Alisubiri kama anavyomsubiri mgeni achague kati ya wali na ugali.

"Achukue," nilisema.

Mama akashukuru, watu wakapiga makofi, mwenzangu akanipiga begani na kuniita mume wa kisasa. Ningependa kuandika kwamba nilishindwa na yale maneno ya Ikinga, au kwamba niliona haki. Ukweli ni kwamba katika sekunde zile nilikuwa nimepiga hesabu moja: akibaki na sahani, atakayoyaongea yataishia hotelini nisikokuwepo, akiichukua simu, walau Jumamosi na Jumapili itakuwa ndani ya nyumba yangu, nitaiona na kuisikia. Ndivyo cheo cha mke wangu kilivyopata ridhaa yangu.

Yeye alilijua hilo. Semina ilipofungwa jioni tulitembea pamoja kwenda nyumbani, mimi na begi langu, yeye na simu. Tulipokaribia nyumbani alisema kwamba anajua kwa nini nimekubali, na kwamba ameshukuru hata hivyo. Kisha akaweka sharti lake. Simu itakaa juu ya kabati la vyombo, atakayeigusa ni yeye peke yake, na siku atakayonikuta nimeishika ataihamisha iende kukaa kwa mama yake mzazi, naye ataifuata huko.

Sijaigusa. Ni miezi mitano sasa. Msimamizi ni yeye, ana kameza kake, na wanamsifu hadi watu wa ng'ambo ya mpaka. Mimi nimebaki na masikio. Naujua mlio wa ujumbe na naujua mlio wa mtu anayepiga, na nimegundua kwamba wengi wa wanaopiga huwa ni wale wale, kwa sababu huwapokea bila kuuliza ni nani. Jumapili iliyopita ililia mara tisa kabla hatujaenda kanisani. Ya saba aliizungumza kwa Kibemba, amesimama uani, na alichelewa kumaliza. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga upya, mpaka aliporudi ndani akaniuliza kama niko tayari.