Swali la Kumi na Nne

Mafunzo ya wadadisi yalifanyika siku tatu mjini Ngara, katika ukumbi wa kanisa uliokodiwa, na Tecla Nshoma alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote. Wale wengine walikuwa wahitimu wa juzi juzi, wanashika kishikwambi kama waliozaliwa nacho. Yeye alikuwa na miaka thelathini na sita, cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa mara nne, na lugha tatu kinywani: Kisubi cha nyumbani, Kihangaza cha majirani na Kiswahili cha shule. Lugha hizo ndizo zilizompatia kazi.

Mkuu wa utafiti alikuwa Daktari Novatus, mhadhiri wa chuo kikuu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Aliwaomba radhi mapema. Idarani kwao nafasi za wahadhiri zilikuwa saba, waliopo wawili, na mwenzake alikuwa amelazwa.

"Mtaniona leo, keshokutwa niko darasani na wanafunzi mia tatu," alisema. "Kwa hiyo msinisubiri. Fuateni dodoso."

Dodoso lilitaka kujua jambo moja kubwa: mama anapokwenda kliniki, anapojifungua na anaporudi nyumbani, nani anakaa naye chini akamshauri, na anamwambia nini. Walilipitia swali kwa swali. Siku ya pili, mchana, walifika la kumi na nne. Je, umewahi kuzaa mtoto aliyezaliwa hai lakini baadaye akafariki?

"Hapa wengi hukosea," alisema Daktari Novatus. "Mama akijibu hapana, usikimbilie swali linalofuata. Muulize tena, taratibu: kuna mtoto yeyote aliyelia, au akajitikisa, au akajaribu kuvuta pumzi, hata kama aliishi dakika chache tu? Huyo alizaliwa hai. Huyo anahesabiwa."

Tecla alinyoosha mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya watu wale.

"Hata akilia mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na kama kadi imeandikwa alizaliwa mfu?"

Daktari akamtazama. "Tunaandika anachosema mama. Kadi hatuihoji."

Tecla akainamisha kichwa akaandika maneno hayo kwenye daftari, neno kwa neno, ingawa hakuna aliyeambiwa aandike.

Miaka minane nyuma alikuwa amejifungua katika zahanati moja ya vijijini, alfajiri ya masika, na nesi aliyekuwa zamu alikuwa mmoja kwa wazazi wawili. Mtoto alitoka, wa kike, akalia. Kilikuwa kilio chembamba, cha mara moja. Nesi alikwisha kugeukia kitanda cha pili, ambako mwanamke mwingine alikuwa anavuja damu, na alipopata nafasi ya kurudi mtoto alikuwa kimya. Akamgusa kifua, akatikisa kichwa, akaandika. Mama mkwe wa Tecla, Scolastica, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia, akamviringisha mtoto katika kitenge, akatoka naye. Kabla ya saa sita alikuwa amekwisha kuzikwa. Tecla bado alikuwa amelala pale pale.

Aliporudi nyumbani hakukuta mkeka wa msiba wala jirani aliyekuja kumpa pole. Mtoto ambaye hakulia hana matanga. Ndivyo walivyoona pale. Akamwambia mumewe, Wiston, "Alilia." Wiston akamjibu bila ukali, "Nesi ameandika hakulia. Wewe ulikuwa umechoka." Akamwambia mama mkwe. Mama mkwe akaendelea kumenya ndizi. Akamwambia padri, naye akamwambia amwachie Mungu. Baada ya hao watatu hakumwambia mtu mwingine.

Siku ya tatu maziwa yalikuja. Hakuna aliyemwambia kwamba yangekuja, wala la kufanya yakija. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe, akawa anakwenda nyuma ya nyumba, anainama kwenye migomba, anayakamua yakimwagika chini. Alifanya hivyo siku tisa.

Mimba nyingine haikuingia. Wiston alikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita, mwanzoni akawa anapiga simu, kisha simu zikapungua, kisha ikaja habari kwamba ana mke huko na watoto wawili. Tecla akafunga virago, akarudi Nemba katika nyumba aliyoachiwa na wazazi wake, ng'ambo ya bonde kutoka kwa wakwe zake. Akalima maharage na mihogo. Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani, apate kuwa wa kwanza kutoka.

Kazi ilianzia Murukulazo. Tecla alipangwa na Claudia Niyokwizera, msichana wa Ngara mjini, mcheshi, aliyezoea kuimba akipanda milima. Walikodi chumba kimoja. Siku ya kwanza tu Claudia aliuliza, "Dada Tecla, watoto umewaacha na nani?"

"Na bibi yao," alijibu Tecla. Jibu lilitoka lenyewe, laini, kama jambo la miaka yote.

"Wangapi?"

"Wawili."

Likawa limekwisha kusemwa. Claudia akawa anawauliza hao watoto kila jioni, wanasoma darasa la ngapi, nani mtundu. Siku ya gulio alirudi na daftari mbili za kuchorea, akasema ni za wadogo zake wa Nemba. Tecla akashukuru, akazitia chini kabisa ya begi.

Siku ya sita alimhoji Odeta, mama wa miaka ishirini aliyekuwa akipukuchua mahindi uani, mtoto wa miezi mitano mgongoni. Mama mkwe wake alikuwa ameketi nao. Walipofika swali la kumi na nne, Odeta akasema hapana. Tecla akamwomba yule mama mkwe, kwa heshima zote, awaachie nafasi kidogo, kwani masharti ya kazi yalitaka hivyo. Alipokwisha kuondoka, akauliza tena, taratibu, kama alivyofundishwa.

Odeta alishika hindi mkononi asilipukuchue.

"Wa kwanza alijinyoosha," alisema. "Mkono mmoja, hivi. Basi."

"Basi alizaliwa hai."

"Mnaandika na wa hivyo?"

"Tunaandika."

Odeta akafuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mahindi. Kisha akamtazama Tecla kwa namna ya mtu aliyetoa kitu na sasa angependa kupewa. "Na wewe, dada? Umewahi?"

Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Mwanamke mwenzake, ua tupu, hakuna wa kuwasikia.

"Mimi ninao wawili," alisema Tecla. "Wazima. Mkubwa yuko darasa la tatu."

"Una bahati," alisema Odeta, akarudi kwenye mahindi.

Njiani Claudia aliimba peke yake. Tecla alitembea nyuma yake hatua nyingi, akisema ana jiwe kwenye kiatu.

Wiki ya nne wakahamia Biharamulo, na orodha ya kaya zilizochaguliwa ikaja kwenye vishikwambi. Kaya zilichaguliwa na kompyuta, bila kujali nani ni nani. Tecla alipofungua ya Nemba aliona kitongoji chao, na mstari wa kumi na moja ukawa na jina lake mwenyewe, mkuu wa kaya, mwanamke.

Alimpigia Daktari Novatus. Nyuma ya sauti yake palisikika kelele za darasa.

"Daktari, kaya yangu imetoka. Niiruke?"

"Hairukwi. Na huwezi kujihoji. Claudia atakuhoji, kama anavyomhoji mtu yeyote." Akaongeza, "Una haki ya kukataa, Tecla. Hiyo nayo ni ya kila mtu."

Alifikiri kukataa. Alifikiri kufunga mlango na kushinda shambani, iandikwe kwamba mwenyeji hakupatikana. Lakini asubuhi ile alifagia ua, akatoa viti viwili, akaketi kwenye kimoja.

Claudia alikuja saa tatu akicheka tangu njiani. "Leo wewe ndiye mama wa kuhojiwa! Wako wapi wadogo zangu?" Akachungulia ndani. Kitanda kimoja, meza moja, jozi moja ya kandambili. Kicheko kikafifia taratibu.

"Kaa, Claudia," alisema Tecla. "Anza tu mwanzo."

Claudia akaketi, akasoma maelezo ya ridhaa kwa sauti ambayo Tecla hakuwahi kuisikia, ya kazi, isiyo na wimbo. Umri. Elimu. Ndoa. Watoto wanaoishi nawe, wa kiume? Hakuna. Wa kike? Hakuna. Wanaoishi kwingine? Hakuna. Claudia hakuinua macho. Akafika la kumi na nne.

"Ndiyo," alisema Tecla.

"Wangapi?"

"Mmoja. Wa kike. Alilia."

"Aliishi muda gani?"

"Sijui. Nesi alikuwa kwa mwenzangu. Labda dakika kumi. Weka kumi."

"Jina lake?"

Hakuwa na jina. Hakuna aliyempa. Mwongozo uliruhusu kuandika *Mtoto*, na Tecla mwenyewe alikwisha kuandika hivyo kwa wanawake wengine. "Andika Mtoto," alisema.

Claudia aliandika. Kisha akaendelea, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Baada ya kujifungua, kuna mhudumu yeyote aliyekaa nawe akazungumza nawe kuhusu hali yako? Hapana. Kuhusu maziwa? Hapana. Kuna mtu mwingine yeyote aliyezungumza nawe? Hapana. Hapana hizo zilikuwa nyingi, na Claudia alizibonyeza moja moja.

Walipomaliza akazima kishikwambi. "Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikwisha kununua daftari." Akaingia ndani akazileta. "Wape wengine."

Claudia hakuzipokea. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Akamshika Tecla mkono, akauachia, akasema bado ana kaya tatu. Jioni ile hakuimba. Wiki iliyobaki walifanya kazi vizuri, kwa adabu kubwa, kama watu waliokutana jana. Siku ya mwisho walikumbatiana stendi ya Biharamulo, na Claudia akapanda gari la Ngara. Aliahidi kupiga simu. Alipiga mara moja.

Maharage yalikuwa yamekauka shambani. Tecla aliyang'oa siku mbili. Siku ya tatu aliyaanika juani, akavuka bonde hadi kwa Scolastica, ambako hakuwa amekanyaga miaka mitano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. "Umekuja kumuulizia Wiston? Hayupo."

"Sikumjia Wiston. Nimekuja unionyeshe mlipomweka."

Scolastica hakuuliza nani. Alitafuta fimbo yake, akatangulia, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, hadi mahali palipoota majani marefu kiasi cha upana wa mkeka. Pande zote palikuwa pamelimwa vizuri.

"Hapa silimi," alisema.

"Kwa nini, mama, kama hakulia?"

Bibi aliegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Nilikuwa mlangoni," alisema. "Mlango wenyewe ulikuwa wazi."

Bibi aligeuka akarudi nyumbani kwake akipapasa njia kwa fimbo. Tecla alichutama pale kwenye majani, hakuyang'oa. Alikaa hadi jua likawa kali kichwani, kisha akainuka, akashuka bondeni peke yake, kwa sababu maharage yalikuwa bado juani na wingu lilikuwa linapanda upande wa Burundi.