Springi za Kunifikisha Kwetu

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na nne, baba alituita uani akagawa kihamba, ile migomba na mibuni tuliyozaliwa ndani yake. Kaka mkubwa akapewa upande wa juu. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa bado anafutwa kamasi, akapewa nyumba, pamoja na mama wa kutunzwa ndani yake. Mimi ni wa katikati. Kwetu Kilimanjaro wa katikati huambiwa akatafute. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne. Nikapanda juu ya lori la viazi, nikashukia Dar.

Sisimulii hayo nionewe huruma. Nilisukuma mkokoteni Kariakoo mpaka viganja vikawa kama soli ya kiatu. Nikauza misumari chini, nikapata kibanda, nikapata duka hapo jirani, Mchafukoge. Hakuna aliyenishika mkono. Wanaonijua Mchafukoge wananijua.

Sasa Desemba. Mchaga Desemba anaenda kwao, hilo halina mjadala. Miaka yote nimekwenda, na miaka yote nimelala kwa mdogo wangu, kwenye kochi la sebuleni, chini ya mabati niliyonunua mimi. Mwaka juzi akanipigia simu.

"Kaka, mwaka huu wageni wa upande wa mke wangu ni wengi. Sijui kama utaangalia loji pale mjini."

Loji. Mama yangu anakaribia miaka tisini, anahesabu Krismasi zilizobaki, halafu mimi nikamwamkie asubuhi nikitokea loji kama mtu aliyekuja kuuza sumu ya panya.

"Sawa," nikamwambia. "Nitakuja na nyumba yangu."

Akacheka. Alidhani ni maneno.

Kulikuwa na mkandarasi mmoja wa barabara aliyemaliza kazi akawa anauza vitu vyake. Wahandisi wake walikuwa wakilala porini kwenye tela lenye kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja na choo. Nililinunua siku hiyo hiyo. Nikalifunga nyuma ya pikapu yangu, na hapo ndipo nilipoona kazi ninayo. Pikapu ilichuchumaa. Nyuma ikakaa chini, mbele ikaangalia juu, usukani ukawa mwepesi kama wa gari la watoto. Safari ya Kilimanjaro kwa usukani ule ni safari ya kaburini.

Nikaipeleka kwa fundi wangu wa Buguruni. Ni Mpare. Wachaga na Wapare ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana mbele ya mke wangu na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Nakasirika hata hivyo.

"Shikamoo, mangi." Ndivyo anavyomwita kila Mchaga mwenye duka.

"Marahaba. Gari linachuchumaa. Linyanyue."

Akaingia chini, akagonga gonga. "Springi zimechoka kubeba hela zako."

"Mpare anajua nini kuhusu hela? Nyie hela mnazionea mahakamani, mkishitakiana kuku."

Akacheka, akaniambia lililo wazi: springi za nyuma za pikapu ni vyuma bapa vilivyolala kimoja juu ya kingine, na vyangu vilikuwa vimenyooka kwa uchovu. Dawa ni kuongeza vyuma, na shokapu mpya.

"Ninyanyue kiasi gani?"

"Mpaka watu waone. Sitaki gari langu liiname mbele ya mdogo wangu."

Hapa mjini pikapu iliyoinua nyuma ni heshima. Watu wanajua huyo ana mzigo wa kweli. Fundi akatafuta vyuma vinene vya lori lililokufa, akavibana mle. Gari likasimama kama jogoo anayetaka kupigana. Nililizunguka mara kadhaa, nikafurahi. Nikafunga tela, mke wangu akaingia, tukatoka Barabara ya Mandela kujaribu.

Kwa sababu pikapu imepaa nyuma, tela nalo likainuliwa shingo, uzito wote ukarudi mkiani. Tulipochanganya mwendo kidogo likaanza kucheza. Kulia, kushoto, kulia, linavuta gari zima. Dereva wa bajaji aliyekuwa pembeni alipanda ukingo kuokoa roho yake, akanitajia mama yangu kwa sauti. Nilipofanikiwa kusimama, makabati ya tela yalikuwa wazi na sufuria zote chini.

Mke wangu akashuka na mkoba wake. "Mimi nitapanda basi. Wewe endelea kukomoana na mdogo wako."

Nikarudi Buguruni kwa fundi.

"Umetaka kuniua."

"Nani alisema mpaka watu waone?"

"Nilisema mimi. Lakini fundi hapa ni nani, mimi au wewe? Mteja akikwambia ufunge gurudumu moja mbele, utafunga?"

"Akiwa Mchaga anayepiga kelele kama wewe, nitafunga mawili aondoke."

Nilishika spana. Mafundi wenzake wakaacha kazi kuangalia. Yeye akakaa juu ya tairi, hata hakusogea.

"Nipige, mangi, halafu nitakwambia, maana wanao hawatakwambia. Ulitaka gari la kumtisha mdogo wako. Gari la kumtisha mtu na gari la kuvuta tela ni magari mawili. Chagua. Mimi ndiye mtani wako, ukifa nitakuja msibani, nitakula pilau na kukucheka mbele ya jeneza. Sina hasara. Mama yako ndiye atakuwa amekusubiri bure."

Niliitupa spana chini. Sikumwomba msamaha wala yeye hakuniomba. "Shusha," nikasema.

Safari hii tulienda wote mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kununua. Duka la kwanza walituletea springi zilizopakwa rangi nyeusi inayong'aa. Nikazikwangua kwa ufunguo, chini ni kutu ya zamani. "Mzee, unaharibu mali," muuzaji akasema. Nikamwambia nimekuwa Kariakoo kabla baba yake hajajua kuvuka barabara, na mali yake akaipeleke kwa vipofu. Duka la tatu tukapata za kweli, nyembamba, za gari lenyewe. Fundi akatoa vyuma vya lori, akafunga hizo na shokapu, akashusha kishikio cha tela mpaka tela likalala sawasawa na ardhi. Mtungi wa gesi na tangi la maji nikavihamisha mwenyewe, vikakaa mbele kidogo ya magurudumu. Hilo hakunifundisha mtu. Ukivuta mkokoteni mzigo umekaa nyuma, unakuning'iniza hewani mbele za watu.

Nyuma sasa ilikuwa chini kidogo. Haikumtisha mtu yeyote. Mke wangu aliweka kikombe cha chai juu ya meza ya tela, akaniambia nizunguke hadi Posta na kurudi. Chai ilikuwa imemwagika kidogo tu. Akapakia nguo zake.

Tulifika. Mdogo wangu alisimama getini na mikono kiunoni.

"Hilo halipiti, kaka. Litavunja migomba ya mzee."

Mama akatoka na fimbo yake, akaliangalia tela, akaniangalia mimi.

"Migomba ni ya nani?" akamwuliza mdogo wangu.

"Ni yangu, mama. Baba alinipa."

"Alikupa na mimi vilevile. Mimi naona mwanangu amesimama barabarani. Kata."

Mdogo wangu akakata miwili, kwa panga lake mwenyewe. Nilikaa kwenye gari, injini inaunguruma, sikushuka kumsaidia. Nililala pale mpaka mwaka mpya. Asubuhi mama alikuja kukaa kwenye ngazi ya tela, akanywa chai yangu, akasema sukari ni kidogo. Mimi na mdogo wangu hatukupatana. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kuambiwa mlipatana. Alininyima kochi, na sijalisahau.

Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Mchafukoge na stoo Buguruni. Nina nyumba ya vyumba vinne Tabata. Nina pikapu, na tela lenye kitanda, jiko na choo. Nina mke mmoja na watoto watatu waliomaliza shule. Mama yupo. Kihamba sina.