Sala ya Kwenye Simu

Mwanangu, wewe uliyemwacha mama yako nyumbani ukaja huku, ngoja nikusimulie Jumapili moja. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nauguza wagonjwa kwa zamu hapa Toronto, tunakaa ghorofa ya tisa katika mtaa wa Mount Dennis, mimi, mume wangu na binti yetu Ester wa miaka sita. Mama yangu alikuwa amefika jana yake kutoka Moshi, mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Kwetu, chakula hakiguswi mpaka mtoto mdogo kuliko wote aombe. Hata akija askofu, atamsubiri mtoto amalize kubabaika kwake. Nimekulia hapo. Lakini nilipofika huku, kila mtu akala kwa saa yake, sahani mapajani mbele ya televisheni, na sala ikapotea hivi hivi tu. Kanisani tukawa watu wa Krismasi na Pasaka. Na mama, kila Jumapili, alipiga simu: "Mmesali?" Mimi, wakati mwingine bado nimejifunika blanketi, namjibu, "Tumesali, mama." Nilijidai namtunza asiumie moyo. Ujinga mtupu!

Basi siku hiyo nikapakua ndizi nyama. Mama akamshika Ester mkono. "Mjukuu wangu, tuombee chakula."

Ester Kiswahili alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Akanigeukia akaniuliza: kuomba ndicho kile kitu unachomwambia bibi kwenye simu kwamba tumefanya?

Mwanangu, mama yangu alikuwa mwalimu mstaafu. Kiingereza kile alikielewa chote. Mimi mwiko ulinidondoka.

Mama akafunika sahani yake. Hakupandisha sauti.

"Kila mwezi nimepeleka trei la mayai kanisani," akasema, "nikasimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwamba nyumba yako huko ugenini inasali. Ungeniambia umechoka, ningekuombea. Sasa nilikuwa nashukuru nini?"

Nililia pale pale, mbele ya mtoto, na ndizi zikapoa.

Alikaa miezi mitatu, akamfundisha Ester kuomba kabla ya kila chakula. Alipokwisha kurudi Moshi, Jumapili ya kwanza simu ikalia. Nikajiandaa kwa lile swali, safari hii nina jibu la kweli. Hakuniuliza. Alisema tu, "Mpe Ester simu aombe, nisikie." Ikawa hivyo mpaka alipofariki. Mimi hakuniuliza tena, na hilo linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana nakusihi, mwanangu. Ukirudi kazini umechoka, zima televisheni dakika moja, waite wote mezani, aliye mdogo kuliko wote aombe. Hata akiomba kwa Kiingereza, Mungu anamsikia. Na wiki mtakayoshindwa, mwambie mama yako mmeshindwa. Atasikitika, halafu atapiga magoti. Ukimdanganya, unamnyima hata nafasi ya kukuombea.

Mungu akulinde na baridi ya huku, aibariki meza yako na wote wanaoizunguka. Na Jumapili mama yako akikuuliza kama mmesali, Mungu akujalie kumjibu bila kuona haya.