Maharage Katika Rafu ya Sheria

Vitabu vya sheria ndivyo vilivyokimbia vita kwanza. Mkuu wa chuo alisema ni vya bei, viende Goma kabla barabara haijafungwa. Mfanyabiashara mmoja Mkatoliki, mtu wa Butembo mwenye duka mlangoni pa chuo, akakubali kuvibeba kwenye Fuso lake chini ya magunia ya kabichi. "Mama Biblio, usiogope," aliniambia huku akifunga turubai, "pa barrière bataiba kabichi, kitabu hakuna mutu ataiba." Alisema kweli. Vitabu vilivuka vizuizi vya barabarani, vikafika vyote, vikinuka kabichi, nami nikabaki Masisi na rafu tupu, ufunguo wa mlango na hasira zangu.

Mama Biblio ni mimi. Hilo jina nilipewa na wanafunzi, na sikulikataa. Mimi si mtu wa milima. Nilizaliwa Hombo, upande wa Walikale, barabarani kabisa, ambako baba aliuza chumvi na sabuni, na chakula chetu kilikuwa ndizi na sombe, majani ya muhogo. Maharage niliyajua yakiwa yamekwisha iva. Nilikuja Masisi kutunza maktaba ya chuo kidogo cha kilimo na sheria, na niliitunza kwa ukali. Ukikunja ukurasa, nakutoa nje. Ukila muhogo mezani, nakutoa nje pamoja na muhogo wako. Wanafunzi walinicheka kichinichini, nilijua, na niliwapenda hivyo hivyo.

Mapigano yalipofika kwenye vijiji vya juu, watu walishuka wakajenga vibanda vya maturubai kwenye uwanja wa mpira wa chuo. Mvua ikinyesha waliingia maktaba. Niliwaacha waingie, ila niliwaambia wapanguse miguu.

Siku moja akaingia mama mmoja mkulima wa Bihambwe, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mgongoni alibeba binti yake ambaye miguu yake ilikuwa imeshakuwa mirefu mno kwa kubebwa. Mkononi alishika chupa ya bia iliyojaa maharage meupe yenye madoa mekundu, imezibwa kwa kigunzi cha muhindi. Hakunisalimia kwanza. Alitazama rafu.

"Mama, hii mabao iko bure?"

"Ni rafu ya sheria," nikamjibu. "Vitabu vyake viko safarini."

"Basi uniwekee hii mpaka vitarudia. Njo mbegu ya mama yangu. Nilitoka nayo Bihambwe mu kitambaa. Nikikaa nayo mu kampi nitaipika. Najijua. Mutoto akilia tu, nitaipika."

"Mama, hapa ni maktaba, si ghala."

"Njo maana nakuletea wewe," akasema. "Banasema wewe unajua kukatalia bantu."

Nilicheka, na mtu akishanichekesha nimekwisha. Nikaipokea. Lakini hakuondoka. Alinishika mkono akaniwekea sharti: nisimpe chupa ile mpaka siku anaporudi nyumbani kwake kupanda. Nimkatalie hata akilia. Nimkatalie hata akinitukana. Nikasema sawa, kwani kukatalia watu kulikuwa kazi yangu ya kila siku na sikuona ugumu wake.

Haikupita wiki rafu ya sheria ikajaa. Mama wa pale uwanjani waliambizana. Chupa zikaja, na vibuyu, na bidoni za mafuta zilizokatwa shingo; maharage ya kila rangi, mahindi, mbegu za boga. Nilivipanga nilivyojua mimi, kila chupa na fishi yake, kadi ya maktaba, kwa alfabeti, kufuata jina la kilima. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama wa kilima kimoja hakutaka chupa yake ikae bega kwa bega na ya kilima kingine, kwa sababu ambazo nchi nzima ilizijua na ambazo zilikuwa zinaua watu wakati huo huo. Nikamwambia hapa anatawala alfabeti peke yake, asiyemtaka abebe chupa yake. Akanuna. Chupa hakuibeba.

Jumamosi tulizitoa mbegu zote kuzianika kwenye mikeka uani, zisipate wadudu, kisha tukazichanganya na majivu na kuzirudisha. Kazi yenyewe ni kukaa tu na kufukuza kuku, na mimi siwezi kukaa bure. Nikaanza kuwasomea. Vitabu vilivyobaki ni vile mkuu wa chuo aliviona havina thamani. Kimoja kilikuwa cha Kifaransa, cha kufuga ng'ombe katika nchi za baridi, nami nilikigeuza kwa Kiswahili nikienda. Mama wa Karuba, waliokulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, walikipenda kuliko kitu chochote.

"Soma tena pale ng'ombe inalala mu nyumba."

Nikasoma tena. Ng'ombe hulala ndani miezi yote ya baridi, kwenye nyasi kavu, dirisha limefungwa.

"Na mwenye ng'ombe naye analala wapi?"

Kitabu hakikusema. Walicheka mpaka yule aliyenuna akamwaga mbegu zake kwenye mkeka wa jirani yake, yule yule wa kilima asichokitaka, na ikabidi wainame wote wawili kuchagua, moja moja, nyeusi huku, njano huku. Wanafunzi nao wakaanza kuja. Mkuu wa chuo akaandika Goma kwamba maktaba yetu ina "activités communautaires", yaani shughuli za jamii, kama vile wazo lilitoka kichwani mwake. Nilimwacha afurahi, maskini.

Kisha chakula cha msaada kikachelewa. Malori yalisimama huko chini, kila siku wakisema kesho. Uwanjani sauti za watoto zilipungua, na hapo ndipo mtu anapoanza kuogopa.

Yule mama wa Bihambwe alikuja siku ya kazi, asubuhi. Binti yake alikuwa mgongoni kama kawaida, lakini kichwa kimelala upande. Alikuwa ametoka kwenye homa na sasa hakukuwa na cha kumpa.

"Nipatie chupa yangu."

Nilimkumbusha. Nilisema: mama, ni wewe mwenyewe ulinipa sharti.

"Nilisema wakati nilikuwa nimeshiba!"

Nilitazama ile chupa. Ilikuwa na chakula cha siku moja, labda mbili kwa kubana, na baada ya hapo Bihambwe ingekuwa kilima tu, shamba lisilo na cha kutia ndani. Nilimtazama mtoto. Nikasema hapana.

Alinitukana. Alinitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kihunde, ambacho sikukijua vizuri lakini nilielewa vya kutosha. Alisema mwanamke wa barabarani kama mimi, asiyejua hata kushika jembe, ananyima mtoto wa mwenzake. Kisha akaketi sakafuni chini ya rafu ya sheria, akamlaza binti mapajani, akasema hatoki.

Nilimkasirikia. Nilijikasirikia. Nilikasirikia malori, na wote wenye bunduki. Nikatoka, nikaenda chumbani kwangu nyuma ya maktaba, nikachukua ndizi nilizokuwa nazo na sombe iliyobaki, nikawasha moto pale pale kizingitini mwa maktaba, mimi niliyekuwa nafukuza watu kwa kipande cha muhogo. Moshi uliingia ndani ukazunguka rafu zote. Nilipoweka sahani mbele yake, alinirudishia.

"Sikukuja kuomba. Nilikuja kuchukua yangu."

"Nani amekupa?" nikamwambia, na bado nilikuwa na hasira, ndiyo maana lilitoka vizuri. "Hapa hatutoi kitu bure. Hapa tunaazimisha. Chukua, utarudisha."

"Kama kitabu?"

"Kama kitabu."

"Utaandika fishi?"

Nikaandika fishi. Niliandika: ndizi, sombe, sahani moja. Akaweka kidole gumba, polepole, na hapo ndipo akamwamsha mtoto. Binti alikula kidogo akalala, akaamka, akala tena. Mchana aliniuliza kama sombe imebaki. Niligeuka upande wa dirisha nisionekane uso.

Habari haikukaa siri. Kesho yake mama mmoja wa Karuba alileta matembele, akasema yeye anaazimisha maktaba. Mwingine akaleta viazi, mwingine kuni. Yule mfanyabiashara wa kabichi akaleta chumvi na unga akitaka naye aandikiwe fishi, kwa herufi kubwa. Chungu kilikaa kizingitini mpaka malori yalipofika. Hakuna chupa iliyofunguliwa, ingawa zilikuwa zinatutazama pale juu wakati wote, na walioomba walikuwa wengi, na wote niliwakatalia. Wengine walilia. Usiombe kazi kama hiyo.

Miezi ikapita, na upande wa Bihambwe ukatulia, utulivu wa wakati ule, ambao mtu hauulizi maswali mengi. Mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi moja yule mama akaingia na mzigo kichwani, binti yake akitembea kwa miguu yake mbele.

"Nakuja kubeba chupa yangu."

"Unaenda wapi?" nikauliza. Sharti ni sharti.

"Nyumbani. Nyumba iliungua, lakini shamba iko."

Nilipanda kwenye kiti nikaishusha. Niliipangusa vumbi, ingawa haikuwa na vumbi, nikamnyooshea. Akaishika. Nami sikuiachia.

Sijui nieleze vipi. Vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea hapana. Lakini haikuwa hiyo tu. Nilimpenda yule mwanamke, na kelele zake, na matusi yake, na nilimwogopea. Huku kwangu mbegu ile ilikuwa salama, na yeye pia, kwa kiasi fulani. Huko juu mtu wa bunduki angeweza kufika kabla ya maharage kuchanua. Tulisimama hivyo, yeye huku, mimi huku, chupa katikati. Angeweza kuivuta, ana nguvu kunishinda. Hakuivuta. Alinisogelea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kwa sauti ndogo.

"Achilia, dada. Mvua haitaningojea."

Nikaachia. Aliifunga kwenye kitenge, kifuani, mbali na mzigo mwingine, akamshika binti yake mkono, na wakatoka bila hata kuaga vizuri, kwa haraka ya watu wanaochelewa kupanda.